Makaa Kwanza, Nyama Baadaye: Kupika Chakula cha Hadhi Kambini

Chakula cha kambini kimezoeleka kuchukuliwa kama cha kujishikiza tu. Watu hutoka Arusha au Moshi wakiwa na mahema mazuri, magodoro ya kujaza upepo na spika za muziki, lakini kikapu cha chakula kina mkate, soseji, mayai ya kuchemsha na kilo kadhaa za nyama ambayo itaungua nje na kubaki mbichi ndani. Mimi nashikilia kwamba moto wa kuni, ukiandaliwa mapema na kusimamiwa na mtu anayeuelewa, unaweza kutoa mlo kamili wenye supu, samaki, nyama, wali na kitindamlo, ambao hoteli yoyote kubwa ya mjini ingejivunia kuuandaa. Tena mbinu zake hazihitaji kuagizwa ng'ambo, kwa kuwa wapishi wa Pwani, wafugaji wa nyika za Umasaini na akina mama wa Uchagani na Umeruni wamekuwa nazo tangu zamani. Kazi yetu ni kuzikutanisha kwenye meko moja.

Msingi wa yote ni kutofautisha moto unaowaka na makaa. Miali inapendeza macho lakini haifai kupikia: joto lake hupanda na kushuka kwa kila upepo unaopita, hubeba masizi, na hulamba upande mmoja wa sufuria huku upande wa pili ukibaki vuguvugu. Makaa, yaani kuni zilizokwisha kuungua hadi zikawa nyekundu na kuvikwa majivu membamba, hutoa joto lililotulia ambalo mpishi anaweza kulichota kwa koleo na kulipeleka anakotaka: chini ya kikaango, juu ya mfuniko, pembeni mwa samaki. Mtu akishalizoea jambo hilo, shimo moja la moto linampatia moto mkali, moto wa wastani, moto wa taratibu na oveni, vyote kwa wakati mmoja.

Niseme mapema kwamba sitetei kurudi kwenye kuni majumbani. Nyumbani kwangu napikia gesi, na nauunga mkono kwa moyo wote Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, ambao umelenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Mwanamke anayeinamia moshi asubuhi, mchana na jioni ndani ya jiko lisilo na dirisha anaumia macho na mapafu, na misitu yetu nayo inakwisha. Moto ninaouzungumzia hapa ni wa mara chache, wa nje penye hewa ya kutosha, na wa kuni zinazotokana na kupogoa miti badala ya kuiangusha.

Msimamo huo ndio unaoniamulia pia mahali pa kupiga kambi. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, kuokota na kuwasha kuni ni marufuku, na wapishi wa mlimani, ambao ustadi wao nauheshimu sana kwa sababu wanaweza kuoka keki ndani ya sufuria katika baridi ya kambi ya Horombo, hupikia gesi. Marufuku hiyo ina maana yake: moto uliozuka mlimani Oktoba 2020, na mwingine Oktoba 2022, uliteketeza uoto ambao hauwezi kurudi kwa msimu mmoja au miwili. Kwa hiyo mimi hupikia kuni kwenye kambi za watu binafsi, upande wa Tengeru na Usa River au kwenye njia ya kwenda chemchemi za Kikuletwa, ambako mwenyeji ameshatenga sehemu ya moto. Hata huko huomba ruhusa kwanza, na huuliza kama kuni zinauzwa papo hapo ili nisilazimike kuzisafirisha.

Kuni ni sehemu ya viungo vya chakula, na zichaguliwe hivyo. Katika maeneo yetu nazipenda zaidi kuni za mibuni. Wakulima wa kahawa wa Meru na Kilimanjaro hupogoa mibuni baada ya mavuno, na matawi yale yakikauka vizuri huwa magumu, hayana moshi mwingi, na hutoa makaa madogomadogo yenye joto la kutosha kubanika samaki au kukaangia. Mgunga unaotoka nyika za chini ni mzito na makaa yake hudumu, kwa hiyo ndio unaofaa kwa paja zima la mbuzi. Mgrevilea, uliopandwa karibu katika kila shamba la kahawa kwa ajili ya kivuli, hushika haraka na kuisha haraka. Huo naufanya wa kuwashia tu. Mkaratusi unawaka kwa nguvu lakini mafuta yake huacha harufu ya dawa kwenye nyama, na msindano una utomvu unaotoa masizi meusi. Mnyaa uepukwe kabisa, kwa kuwa utomvu wake mweupe huunguza ngozi na kuumiza macho. Vivyo hivyo mbao zilizopakwa rangi au kutiwa dawa ya mchwa zisikaribie chakula kwa hali yoyote.

Zaidi ya aina ya mti, ukavu ndio unaoamua. Ukuni mbichi hulitumia joto kukausha maji yaliyomo ndani yake kabla haujaanza kuwaka sawasawa, na moshi mzito mweupe unaotoka wakati huo huacha uchungu kwenye kila kilichopo juu yake. Kuni kavu zikigonganishwa hutoa mlio mkavu wa juu, gome lake huachia lenyewe, na kwenye ncha zilizokatwa huwa na nyufa. Moshi unaotakiwa ni ule mwepesi wenye rangi ya samawati, usiochoma macho. Huo ndio unaobeba harufu tamu inayotokana na kuvunjikavunjika kwa lignini, ile sehemu inayoupa mti ugumu wake. Wamaasai wamelijua hilo pasipo maabara yoyote. Hutumia vijinga vya mzeituni mwitu, ambao wao huuita oloirien, kusafishia na kufukizia vibuyu vya maziwa, na maziwa yanayokaa humo hupata ladha ambayo haisahauliki. Nikipata kipande kidogo cha mti huo kilichokauka, sikichanganyi na kuni nyingine. Nakiweka juu ya makaa katika dakika za mwisho za kuchoma mbuzi, ili harufu yake iishie kwenye nyama badala ya kupotea angani.

Kuhusu meko yenyewe, mafiga matatu yanatosha kwa sufuria moja, lakini mlo wenye vyakula vingi unataka nafasi. Napenda shimo refu lisilo na kina kirefu. Mwisho mmoja nawasha moto mkubwa ambao kazi yake ni kuzalisha makaa tu, na mwisho wa pili ndio uwanja wa kupikia, ambako makaa huvutwa kadiri yanavyohitajika. Makaa ya kuni hupungua nguvu upesi kuliko mkaa wa gunia, na mpishi asiye na moto wa akiba hujikuta anasukuma kuni mpya chini ya nyama iliyo nusu, jambo ambalo huirudisha kazi yote kwenye miali na masizi. Mawe ya kuzungushia yawe makavu. Jiwe lililotolewa mtoni limenyonya maji, na maji hayo yakigeuka mvuke ndani yake huweza kulipasua kwa kishindo na kurusha vipande vyenye moto. Mawe mengi ya huku kwetu ni ya volkano na yana vitundu, hivyo tahadhari hiyo inatuhusu sana.

Nikitaka watu wale saa moja na nusu usiku, nawasha moto saa kumi alasiri. Kwa muda mrefu baada ya hapo hakuna nyama inayoguswa, na huo ndio wakati wenye mashaka kwa walioalikwa. Binti wa kaka yangu alinisogelea akiwa na sahani ya mishikaki mkononi.

"Shangazi, moto si umeshawaka? Tunasubiri nini tena?"

"Huo ni wa kuota, mwanangu. Wa kupikia bado unakuja."

Nikamwonyesha namna ya kuupima. Kiganja huwekwa juu ya makaa, usawa wa mahali chakula kitakapokaa, kisha mtu akahesabu polepole. Akilazimika kuondoa mkono kabla ya kufika tatu, moto ni mkali na unafaa kukaangia au kubabua ngozi ya samaki. Akifika tano au sita ni wa wastani, wa mishikaki na kuku. Akifika nane hadi kumi ni wa taratibu, wa mbavu na wa wali. Yeye alihesabu hadi mbili, akafunika sahani yake kwa jani na kukaa.

Nyama ninayoithamini zaidi kambini ni ya mbuzi, na namna bora ya kumchoma ni ile ya wafugaji. Katika olpul, ile kambi ya porini ambako wanaume wa Kimaasai huchinja na kula nyama kwa siku kadhaa, wavu wa chuma hauhitajiki. Mbavu na mapaja hutungwa kwenye fimbo zilizochongwa, kisha fimbo hizo huchomekwa ardhini kuuzunguka moto, zikiuinamia bila kuwa juu yake. Ukiitazama kwa makini utaona kwamba ni mbinu iliyokomaa sana. Mafuta yanayodondoka huangukia kwenye udongo, kwa hiyo hayaripuki kuwa miali. Joto huifikia nyama kutoka ubavuni, pole kwa pole. Na mchomaji hugeuza fimbo tu, hana haja ya kuhangaika na moto. Ubavu mzima ukipewa muda wa kutosha, saa moja na nusu au zaidi kutegemea unene wake, mafuta ya ndani huyeyuka na kuilainisha nyama, na kolajeni, ile iliyo kwenye kano na ngozi nyembamba za misuli, hugeuka ute laini unaonata midomoni. Mbuzi aliyechomwa kwa dakika 20 juu ya miali hawezi kufika hapo hata kama viungo vyake vimetoka Unguja.

Maandalizi yake yanaanza nyumbani. Chumvi naitia usiku wa kuamkia safari, kiasi cha gramu 10 kwa kila kilo ya nyama, ili iwe na muda wa kupenya hadi ndani. Mbuzi mkomavu namsaidia kwa papai bichi lililosagwa, ambalo lina kimeng'enya kiitwacho papaini kinachokata protini za nyama. Saa moja inatosha. Ukilaza nyama kwenye papai usiku kucha, hupoteza nyuzi zake na kupondeka mdomoni kabla hujaitafuna. Viungo vingine viwe vichache: kitunguu saumu, tangawizi, pilipili manga na ndimu. Kabla ya kuchoma, nyama nzima naifuta kwa kitambaa safi mpaka ikauke. Hilo halifanywi kwa ajili ya unadhifu tu. Rangi ya kahawia, pamoja na harufu inayowafanya watu wa hema la jirani wageuze shingo, hutokea uso wa nyama unapofika nyuzi joto 140 hivi za Selsiasi, na uso uliolowa hauwezi kuvuka kiwango cha maji kuchemka mpaka maji hayo yaishe. Kemia hiyo ilielezwa mwaka 1912 na Mfaransa Louis-Camille Maillard, na mpaka leo inajulikana kwa jina lake. Nyama ikiiva, iachwe itulie juu ya majani ya mgomba kwa dakika 10 au 15 kabla ya kukatwa, la sivyo maji yake yote matamu yataishia kwenye ubao.

Mifupa na kwato hazitupwi. Zinaingia kwenye sufuria iliyo pembeni mwa moto tangu saa kumi na moja, pamoja na kitunguu, tangawizi na kipande cha gome la mti wa kiloriti kwa wanaopenda ladha yake, na kufikia saa moja supu iko tayari kunywewa kwa vikombe wakati watu wanasubiri vingine. Kama wageni ni wa Moshi, badala ya supu hiyo natengeneza mtori: ndizi mshare zilizomenywa zinachemshwa pamoja na nyama yenye mfupa hadi zilainike kabisa, mifupa inatolewa, kisha ndizi zinapondwa kwa mwiko hadi rojo liwe laini. Mtori uliopikwa kwa kuni una harufu ambayo gesi haiwezi kuitoa, na ni chakula kinachostahili kutangulia kwenye karamu yoyote.

Samaki naye anataka jani la mgomba, nalo huku kwetu halinunuliwi kwa bei ya kutisha. Mara nyingi mwenye shamba hukuruhusu ukate. Jani bichi likikunjwa hupasuka, hivyo hubabuliwa kwanza: unalipitisha juu ya makaa, polepole, na utaona rangi yake ya kijani iliyofifia ikigeuka ya kung'aa kana kwamba limepakwa mafuta, na hapo huwa laini kama kitambaa. Ndani yake naweka perege wa Bwawa la Nyumba ya Mungu, ambao hufika masoko ya Moshi wakiwa wabichi. Namkata mistari mitatu kila upande, nampaka chumvi, ndimu na tangawizi iliyotwangwa (ile ya Mamba Miamba huko Same ina ukali ninaoupenda), nammwagia tui zito la nazi vijiko vitatu vinne, naongeza giligilani na pilipili mbuzi moja nzima ambayo haijapasuliwa, ili itoe harufu yake bila kuwaadhibu watoto. Jani linakunjwa mara mbili na kufungwa kwa ugwe uliochanwa kwenye ganda kavu la mgomba.

Kifurushi hicho kinalazwa juu ya makaa ya wastani kwa dakika 10 hadi 12 kila upande ikiwa samaki ana uzito wa nusu kilo hivi. Jani la nje litaungua na kuwa jeusi, na ni sawa kabisa, kwa sababu la ndani linatunza mvuke na tui. Samaki ameiva ikiwa nyama yake inaachia mfupa kwa kuguswa tu na ncha ya kisu. Mimi hufungua vifurushi mezani, mbele ya walaji, kwa kuwa mvuke ule wa kwanza wenye tangawizi, nazi na jani lililoungua ni sehemu ya chakula chenyewe, na si haki uishie jikoni.

Sasa wali, ambao kwangu ndio kipimo halisi cha mpishi wa moto. Mchele ninaotumia ni wa Magugu, unaopatikana kwa urahisi katika masoko ya Arusha, kwa sababu unanukia na haupondeki haraka. Vikombe viwili vya mchele uliooshwa na kulowekwa kidogo vinachukua vikombe vitatu vya tui, la mwisho likiwa zito, na chumvi. Sufuria iwe nzito na mfuniko wake uwe bapa. Moto wa mwanzo ni wa wastani, na wali unakorogwa mara chache mpaka tui lishuke chini ya usawa wa mchele na vitobo vidogo vianze kuonekana juu. Hapo ndipo makaa huondolewa chini, yakabaki machache sana, na mengine hupaliwa juu ya mfuniko mpaka yaufunike wote.

Kupalia makaa ni mbinu ya Pwani ambayo sijaona ya kuipita. Joto linaloshuka kutoka juu hukausha punje za juu bila kuunguza za chini, mafuta ya nazi hupenya kila punje, na kinachotokea ndani ya sufuria ni kuoka hasa, kuliko kuchemsha. Baada ya dakika 15 hadi 20, ukitega sikio karibu na sufuria utasikia mchirizo hafifu. Ukikoma kabisa na harufu ikaanza kuelekea kwenye ukoko, wali uko tayari na makaa yaondolewe mara moja. Mfuniko unyanyuliwe kwa uangalifu, wima, kwa sababu majivu yakiingia humo hakuna cha kuyatoa. Sufuria hiyohiyo, kwa mpangilio huohuo wa makaa mengi juu na machache chini, itaoka mkate wa asubuhi, itaoka keki, itaoka hata viazi vyenye jibini. Nimewahi kukaa na mzee mmoja wa Machame aliyepika miaka mingi kwenye misafara ya mlimani, nikamuuliza anajuaje keki imeiva ikiwa hawezi kufunua. Alinijibu, "Mama, pua haina mfuniko." Kweli, ilipoanza kunukia vanila na siagi hakuongeza hata dakika mbili.

Kuna jambo la urefu kutoka usawa wa bahari ambalo wageni kutoka Dar es Salaam hulisahau. Maji huchemka kwa joto dogo zaidi kadiri unavyopanda, takribani nyuzi moja kwa kila mita 300. Mjini Arusha, kwenye mita 1,400 hivi, yanachemka karibu na nyuzi 95. Horombo, kwenye mita 3,720, hayafiki hata 88. Kwa sababu hiyo maharage au makande yaliyoiva kwa saa mbili huko Pwani yatakuweka macho kambini usiku kucha, na kuni zitaisha. Chakula cha nafaka kavu na mikunde nakipika nyumbani mpaka kilainike, kisha kambini nakiunga tu. Kuchoma na kupalia hakuathiriwi namna hiyo, na ndiyo sababu nyingine inayonifanya niegemee upande huo.

Kitoweo cha pembeni ni rahisi mno kuliko ladha yake inavyodhihirisha. Nyanya, bilinganya, pilipili hoho na vitunguu vya Mang'ola vinatupwa moja kwa moja kwenye makaa, bila kumenywa, mpaka ngozi ziwe nyeusi na ndani viwe laini. Ngozi zinaondolewa, kilichobaki kinapondwa pamoja na kitunguu saumu, chumvi, ndimu na mafuta ya alizeti. Rojo hilo linakaa vizuri na mbuzi kuliko kachumbari, ingawa kachumbari nayo iwepo kwa wanaoitaka.

Kitindamlo ni ndizi mzuzu zilizoiva hadi maganda yakawa na madoa meusi, zinazofukiwa kwenye majivu ya moto mpaka zipasuke zenyewe. Zinatolewa, zinamiminiwa asali, na juu yake unaweka mtindi mzito na korosho zilizokaangwa. Baada ya hapo kahawa. Mibuni ilipandwa na wamisionari Wakatoliki huko Kilema mwaka 1898, na tangu hapo Kilimanjaro imelisha dunia nzima kahawa ya arabika huku wengi wetu tukinywa ya kopo. Naomba tuache jambo hilo angalau kambini. Buni mbichi ikikaangwa kwenye kikaango cha chuma, ikigeuzwa bila kupumzika juu ya makaa ya wastani, hugeuka kutoka kijani kuwa njano na kisha kahawia, halafu huanza kualika kama bisi ndogo, na muda mfupi baada ya hapo iondolewe na kupepetwa ili ipoe. Inatwangwa papo hapo kwenye kinu kidogo na kuchemshwa. Harufu ya kukaanga buni peke yake inatosha kuwatoa watu kwenye mahema.

Mambo mawili ya usalama hayana mjadala. La kwanza, usiku wa Juni na Julai ni wa baridi kali katika miinuko yetu, na watu hushawishika kuingiza jiko lenye makaa ndani ya hema ili wapate joto. Makaa hutoa gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina harufu wala rangi, na mtu aliyelala hataamka. Mablanketi yaongezwe, makaa yabaki nje. La pili, moto uzimwe kwa maji mengi, majivu yakorogwe, yamwagiwe tena, na mtu aweke mgongo wa mkono juu yake kuhakikisha hakuna joto lililobaki. Kuufunika kwa udongo hakutoshi, kwani makaa yaliyofukiwa huweza kubaki hai hadi kesho yake upepo ukayafukua.

Kwa anayetaka kujaribu Jumamosi hii, soko la Tengeru huwa na mnada mkubwa Jumatano na Jumamosi, na ukiwahi asubuhi utapata ndizi, nyanya, viungo na nazi kwa mara moja kabla jua halijawa kali. Samaki anunuliwe mwisho na awekwe kwenye chombo chenye barafu. Mbuzi aagizwe siku moja kabla kwa mchinjaji unayemwamini, ukimwambia wazi kwamba unataka ubavu mzima usiokatwakatwa, maana wasipoambiwa huukata vipande vidogo vya mchuzi, na vipande hivyo haviwezi kutungwa kwenye fimbo.